Neno la Jumanne Usiku

Mwalimu Awiti aliandika maneno mawili ubaoni,
chaki ikalia kama bawaba kavu.
"Put," akasema, "ni weka.
Off," akasita, akapangusa kidole kwenye koti,
"off ni mbali, au kutoka. Inategemea."
Osewe wa kuziba pancha akauliza:
"Sasa ukiyaunganisha, unaweka nini mbali na wapi?"
Tukacheka, wote kumi na mmoja,
katika ukumbi wa kanisa hapa Nyalenda,
viti vya plastiki, mbu miguuni.

Ukiyaunganisha, akasema, ni kuahirisha.
Tukaandika. Mwandiko wangu ni wa fundi, haupindi.

Lakini Kiingereza ni koti la mtumba la Kibuye:
ukidhani umeona mifuko yote, kuna mwingine kwa ndani.
Samaki aliyelala akikufanya usukume sahani, ni neno lilo hilo.
Ukizima taa, ni lilo hilo.
Kuahirisha, kutia kinyaa, kuzima.
"Hiyo ni ndoa yangu," Khasoa akanong'ona,
"kwa mpangilio huohuo."

Kisha sheria.
Jambo lenyewe likiwa fupi, herufi mbili tu,
halikai nje. Linaingia katikati: put it off.
Linalala pale
kama mtoto kati ya wazazi walionuniana.

Nikainua mkono. "Hata sisi, Mwalimu."
"Toa mfano."
"Nimeiahirisha."
Nikaionyesha kwa ncha ya kalamu, ile i,
imebanwa huku na huku kama bitana.
"Vizuri sana, Ayuma. Na i ni nini?"
"Safari. Ngeli ya i-zi."
"Safari ya wapi?"
Hilo halikuwa swali la sarufi. Nikanyamaza.

Ya Sabatia, kwenye kliniki ya macho.
Januari niliiahirisha, karo ya Kageha.
Aprili niliiahirisha, mvua,
na ile njia ya kwetu Emuhaya huwa sabuni.
Agosti nilikuwa na gauni sita za wasimamizi, zambarau,
nikakesha nazo,
halafu bibi arusi mwenyewe akaahirisha arusi.
Zimening'inia dukani hadi leo, zinakula vumbi.

Mama hakulalamika.
"Jicho halina miguu," alisema kwenye simu,
"litaenda wapi?"

Jumapili iliyopita nilifika bila kupiga simu.
Nikasimama mlangoni kimya, kwa mchezo tu,
kama nilivyofanya nikiwa mdogo.
Akageuza uso. Akanitazama, nasema akanitazama,
mboni nyeupe kama maji ya mchele,
akasema: "Mia saba.
Huyo jogoo hapungui hata shilingi."

Mkoba ukanianguka.
Ndipo akanijua, kwa mlio wa funguo.

Sasa Mwalimu anasema andikeni sentensi tano,
na kitendo kinachofuata kivae mkia wake, usisahau mkia.
Wengine wameinama.
Mimi nimerudi kwenye mfano wangu wa Kiswahili,
nimeifuta i kwa mate na kidole,
karatasi imekwaruzika,
nimeandika juu yake m na w:
nimemwahirisha.

Mwalimu anapita, anazungushia duara jekundu.
"Hapana. Mtu haahirishwi."
Simbishii. Ana cheti, mimi nina cherehani.
Ila naitazama ile m,
ilivyoenea pale kama kifungo kwenye tundu lake.

Saa tatu bawabu anagonga dirisha,
anataka taa zizimwe; anatumia neno letu, bila kujua,
na darasa zima linaangua kicheko gizani.

Sentensi tano. Nimeandika moja.
Hizo nne Mwalimu atanidai.
Alhamisi sipo.